Jinja miaka ya tisini: Dada yangu alivyozuiwa getini kwenye shoo yake mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu nyote, na mlio kazini leo poleni.

Jana nimeona mdau analalamika humu kwamba alipanga foleni nje ya klabu mpaka miguu ikafa ganzi, huku wenzake wanaingizwa kwa kushikwa mkono. Nikacheka peke yangu.

Nina kisa changu. Ni cha kweli, na mama yangu bado yupo, nikitia chumvi atanisahihisha mwenyewe.

Sisi ni watu wa Mbale, tulikuwa tunakaa mtaa wa Nkoma. Mama alikuwa anauza mchele na maharage kwa jumla, wateja wake wengi Wakenya, kwa hiyo Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya nyumbani.

Dada yangu Hadija alikuwa na sauti. Alianzia kwenye kaswida madrasa, akaishia kwenye bendi Jinja. Mama alipopata habari, alikaa muda mrefu bila kumtaja jina. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alikuwa anapunguza mmoja.

Sasa, Idi pili ya mwaka mmoja, bendi ikapata shoo ya mchana kwenye klabu kubwa pale Jinja. Hadija alipewa kuongoza kuimba kwa mara ya kwanza. Akatuma salamu: mama aje asikie mara moja tu. Akichukia, yeye ataacha muziki na kurudi nyumbani.

Mama alizisikia salamu, akaendelea kupima mchele wake. Ila asubuhi ya Idi pili nikamkuta amevaa gomesi mpya, lile gauni refu la heshima la akina mama wa Uganda, na mtandio, ameketi mlangoni.

"Musa, basi la Jinja linaondoka saa ngapi?"

Nikajua tunaenda.

Tiketi tulinunua dirishani bila shida. Shida ilikuwa laini. (Uganda foleni tunaiita laini, msinishangae.)

Laini ilikuwa chini ya kijana mmoja mwenye miwani myeusi na filimbi shingoni. Alikuwa ameletwa kwa ajili ya siku ile, na sisi tukamwita Trafiki. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha laini ipo. Kusogea kwake hakukumhusu.

Akija mwenye gari, filimbi, pita. Wakija mabinti wa sketi fupi, filimbi, pita. Jamaa mmoja alipitishwa kwa sababu ya tai. Mwenzetu wa nyuma alipoona vile akaenda kwenye hoteli ya jirani, akaazima tai ya mhudumu, akarudi. Naye akapita.

Sisi tulikuwa na gomesi. Trafiki alimtazama mama, akamuuliza kwa Luganda kama amekuja kumtafuta mtu hapo.

Hapo damu ikanichemka, nikajisahau, Kiswahili kikatoka kwa sauti ya juu. "Wewe, sisi tumefika kabla ya hao wote. Tiketi tunazo. Shida iko wapi?"

Kwa wasiojua: miaka ile mtu akifoka kwa Kiswahili katikati ya Jinja, watu waliwaza jeshi kwanza, maana ndiyo lugha ya askari kule, mengine baadaye. Trafiki alivua miwani. Mikono ikanyooka kando.

"Pole afande. Afande napita. Mama nangoja raini."

"Huyu ni mama yangu."

"Ndiyo afande. Yeye nangoja kidogo tu."

Mama akanivuta shati. "Umekuwa askari tangu lini? Simama hapa."

Nikasimama. Uanajeshi wangu uliishia hapo.

Kumbe Hadija alikuwa anachungulia ukumbini, haoni mama, roho haitulii. Akatoka mwenyewe kututafuta kwa mlango wa nyuma, ule unaojifunga ukishatoka. Nguo yake ya shoo ilikuwa fupi na inameta, kwa hiyo kwa heshima ya mama alijifunga leso moja kiunoni na nyingine kichwani. Akapiga magoti kwenye vumbi, akasalimia.

Mama aliitikia huku anatazama barabara. Lakini aliitikia.

Hadija akamshika mkono tuingie. Filimbi.

"Dada, rudi nyuma. Raini naanzia kule."

"Mimi ndiye ninayeimba."

"Hata asubuhi mwingine nasema hivyo," Trafiki akajibu. "Raini ni raini."

Wakuu, angefungua leso tu, ile nguo ingemtolea ushahidi. Lakini mama alikuwa amesimama pale. Hakufungua. Aligeuka, akaenda mkiani kabisa, kichwa chini.

Na mama akaacha nafasi yetu akamfuata.

Nikamwambia, "Mama, tumeisotea hii nafasi."

"Siwezi kumwacha mtoto wangu asimame kule peke yake."

Nikaenda mkiani na mimi.

Ndani bendi ikaanza. Gitaa likazunguka likingoja mwimbaji. Likazunguka tena. Watu wakaanza kupiga miluzi. Hadija alikuwa analia bila sauti, mama akawa anamfuta vumbi la magotini kama anayemwandaa kwenda shule.

Mara mwenye klabu akatoka mbio, jasho linamtiririka. "Hadija yuko wapi?"

"Bosi, huku ni raini tu," Trafiki akasema.

Bosi akaikagua laini mtu kwa mtu mpaka mwisho, akamkuta Hadija. "Unafanya nini hapa?"

Mama akamjibu kwa utulivu kabisa. "Bwana, kijana wako ametuambia tungoje zamu. Tunangoja."

"Mama, samahani sana. Piteni, piteni."

"Na hawa?" Mama akaonyesha laini nzima. "Wote wametutangulia. Waingie kwanza."

Bosi akasikiliza lile gitaa, akasikiliza miluzi, akaamuru geti lifunguliwe. Laini ambayo haikusogea tangu adhuhuri ikaisha pale pale. Sisi tuliingia wa mwisho.

Hadija alipanda jukwaani na leso yake kiunoni. Katikati ya wimbo wa kwanza mama akainuka, akaelekea mbele. Nilidhani anakwenda kumshusha. Akaikaza ile leso iliyokuwa inalegea, akarudi kukaa. Ukumbi ulimpigia mama makofi kuliko ulivyopigia nyimbo zote za siku ile.

Wakati wa kuagana mama alimwambia Hadija, "Nikisikia umeacha kuimba, usikanyage kwangu."

Trafiki, mkitaka kujua, hakufukuzwa. Bosi alisema hajawahi kuona mtu makini vile, akampa kazi ya kudumu.

Funzo langu ni hili: ukionewa kwenye laini, usikimbilie kutafuta mlango wako peke yako. Ningekubali kuwa afande ningeingia mapema sana, nikakaa ndani nikisikiliza gitaa lisilo na mwimbaji.

Na wewe uliyewahi kusikiliza raha za wenzako kupitia ukuta, weka kisa chako hapa chini. Wasimamizi wa laini nanyi mnakaribishwa, ila mje kwa zamu.