Mizani ya Zahabu kwa Baruti ya Babu

Rafiki yangu, hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha masomo darasa la tatu, na leo niko na butiki hapa Kasongo, pikipiki tatu na nyumba ya mabati isiyovuja. Nimeona yote. Lakini juzi sokoni niliona mizani ndogo ya sahani mbili, ile ya kupimia zahabu, nikasimama katikati ya njia mpaka musukuma mukokoteni akanitukana. Pua yangu ilikuwa imejaa baruti na nta ya mushumaa, harufu ya meza ya babu kule Wamaza.

Babu alikuwa muwindaji. Kartushi mpya za bunduki yake zilikuwa ghali, basi zile tupu alizijaza baruti mwenyewe na kuziziba kwa nta, kwenye meza ya mbao barazani. Siku ya kujaza, nyanya alihamishwa na jiko lake hadi nyuma ya nyumba, na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikatufikia imepoa. “Baruti na moto ni wake-wenza,” babu alikuwa akisema. “Usiwalaze nyumba moja.”

Kijiko chake cha kupimia baruti kikapotea, tena wakati mubaya kabisa. Baba mudogo alikuwa anataka kuoa binti ya hapa Kasongo, mahari ilikuwa imekubaliwa mbuzi nne, na wakwe walitaka pia nyama ya pori kwa karamu. Bila kartushi hakuna nyama. Bila nyama hakuna muke. Baba mudogo alikuwa hata usingizi hana.

Kila mutu akaleta kipimo chake. Mwalimu alileta kijiko cha dawa. Babu akakigeuza-geuza, akasema hiki ni cha kikohozi. Nyanya akatoa kikombe chake cha kahawa.

“Hicho ni cha kuua tembo,” babu akasema, “na muwindaji pamoja naye.”

Akapanda baiskeli mpaka Salamabila, kwenye machimbo ya zahabu, akarudi na mizani ya wanunuzi wa zahabu, imefungwa kwa kitambaa kama mutoto muchanga. Kule vijiti vya kiberiti ndivyo vilikuwa mawe ya mizani, na yeye akafanya vilevile.

“Kiberiti juu ya baruti!” nyanya akalia.

“Nimekata vichwa, mama! Nimekata vichwa!”

Lo, ilikuwa raha kumuona: ulimi nje, kijiti sahani hii, baruti sahani ile, sisi watoto tumekatazwa hata kupiga chafya. Kumbe jirani, mama muuza chumvi, alikuwa amechungulia. Hakuona baruti. Aliona mizani.

Habari ikafika Kasongo kabla ya nyama. Wakwe wakaja na kanzu zao safi, wakakaa, wakakohoa.

“Muzee, tumesikia Mungu amekukumbuka,” mujomba wa binti akasema.

“Sina zahabu, mukwe. Ile ni ya baruti.”

“Ndiyo, ndiyo. Hata sisi hatuna.”

Shida iko hapo. Kwetu, mwenye zahabu ndiye anayeapa hana. Masikini huwa anajisifu kidogo. Babu akaapa kwa Mungu. Wakaongeza mbuzi mbili. Akapindua mifuko yake mbele yao, wakaongeza moja. Nyanya akamuvuta kanzu: “Nyamaza, baba! Kila neno lako liko na kwato!”

Babu akamuangalia baba mudogo pale mulangoni, jasho likimutiririka kama mutu wa homa. Akafunga mudomo. Akakubali kwa kichwa tu.

Leo meza ile imeliwa na muchwa. Pori karibu na Wamaza limekuwa mashamba ya muhogo, na mboloko, yule swala mudogo, watoto wangu wanamujua kwa hadithi. Babu na nyanya wamelala udongoni. Baba mudogo na muke wake wamezeeka pamoja, bado wanachekana. Nina pesa, rafiki, lakini sombe iliyopoa vile siipati popote.

Na ule ukimya wa babu? Wakwe waliuona ni ukimya wa tajiri, wakaupandishia bei nao. Jumla ikawa mbuzi saba na jogoo mumoja.