Dainosa wa Nyumba Ntobhu

Mimi nimeoa. Cheka kwanza umalize, ndiyo tuendelee. Nimezaa mabinti wanne, wote wameolewa, wako kwa watu, na mume wangu alishafariki. Kwetu Tarime mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto atakaozaa huyo msichana wanakuwa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Basi nikatoa ng'ombe, tena siyo ng'ombe wa mchezo, ng'ombe ambao wakipiga chafya hapa Susuni watu wa Sirari wanafunga madirisha. Nikaletewa msichana kutoka Kenyamonta, kule Serengeti. Yeye ananiita mama. Mimi nikiwa na furaha namwita mke wangu, tena kwa sauti, majirani wakiona aibu naongeza.

Kwanza alizaa binti. Huyo binti sasa ana miaka sita na mdomo wake una miaka sitini. Baadaye akashika mimba nyingine, na hapo kijiji kizima kikawa kinalitazama tumbo lake zaidi ya kinavyotazama mawingu. Kama ni mvulana, nyumba yangu inasimama. Kama siyo, siku nikifa shamba linakwenda kwa shemeji, kaka wa marehemu mume wangu, ambaye tumetenganishwa na ua wa katani tu. Sisemi alikuwa ananiombea kifo. Nasema alikuwa anapenda sana kuniuliza kama kifua changu bado kinabana.

Mambo ya dainosa yalianzia kwenye mitumba. Nilimnunulia huyo binti, mjukuu wangu, gauni, kifuani limechorwa mnyama wa kijani, ana meno, ana miiba mgongoni kuanzia kisogoni mpaka mkiani.

"Bibi, huyu ni dainosa," akaniambia.

"Huyo ni kenge."

"Kenge hana miiba."

"Ni kenge wa Wazungu. Kwao kila kitu wanaongeza."

"Bibi, nataka umfume. Mmoja wangu, mmoja wa mtoto wa tumboni."

Mama yake alikuwa anachambua mboga mlangoni, akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, sasa umeajiriwa."

Kufuma najua. Shule sikwenda hata kuichungulia, lakini kufuma nilijifunza kwa kumtazama jirani nikiwa msichana, yeye akifuma vitambaa vya makochi, mimi nikijifanya nimekuja kuomba moto. Moto niliomba mwaka mzima. Basi nikachukua masweta matatu ya kijani ya mtumba, nikayafumua, nikapata uzi wa kuzungushia mlima. Pamba ya kujazia nilichukua kwa binti yangu aliyeolewa upande wa Mugumu, wao wanalima pamba. Miiba nikakata kwenye kipande cha blanketi la zamani. Macho nikaweka vifungo vya koti la marehemu. Sikuomba ruhusa, angekuwa hai angenipiga kwa bakora.

Wa kwanza alikuwa mkubwa kama ndama. Mbwa wetu alipomwona alihama siku mbili. Nilimfua nikamwanika kwenye kamba, bodaboda mmoja aliyetoka Nyamongo akapita, akageuza shingo, akaingia mtaroni na mzigo wake wa vitunguu. Akatoka matopeni anapiga kelele, "We bibi, unafuga mamba!"

"Mura, kijana wangu, nyamaza," nikamwambia, "atakusikia."

Baada ya huyo sikuweza kuacha. Nikafuma wadogo wa kutundika juu ya kitanda cha mtoto. Nikafuma shali, dainosa wamepangwa ukingoni mmoja nyuma ya mwingine kama ng'ombe wanakwenda mtoni. Soksi zenye kucha. Kofia yenye miiba katikati. Watoto wa majirani wakaja, kila mmoja akaondoka na wake, hata kwenye ibada mtu anashusha kichwa kuomba, mtoto aliye mgongoni kwa mtu wa mbele anamchoma jicho kwa mkia wa dainosa.

Na hapa ndipo mdomo wangu uliponitangulia. Kwetu kila ukoo una mnyama wake. Kuna watu wa chui, kuna watu wa tembo, kuna watu wa pundamilia. Mnyama wa ukoo wako huruhusiwi kumdhihaki wala kumuua, naye anakulinda wewe na wanao. Mimi nikaanza kusema kwa watu, sokoni, kisimani, popote, kwamba nyumba yangu imeanza upya, nimeoa mwenyewe, na mnyama nimejichagulia mwenyewe. Sisi ni watu wa dainosa. Mtoto akija atalindwa na dainosa.

Shemeji alikuja akasimama nje, hakuingia. "Shemeji, mambo ya ukoo hayachezewi."

"Sichezei, nyie mna chui mmoja. Mimi nina dainosa kumi na saba na pamba haijaisha."

Watu walicheka. Mke wangu naye alicheka, lakini akainama haraka kuokota kitu ambacho sikukiona.

Mimba ikiwa ya miezi saba tu, asubuhi moja tunaanua mahindi, akasimama ghafla na maji yakamwagika miguuni. Tulipanda bodaboda moja wote watatu, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama gunia linalovuja. Kila shimo la barabara nililitukana kwa jina lake. Tulipofika hospitali hakukaa sana, akajifungua. Mvulana.

Nilipoonyeshwa nikadhani nesi ameshika mkono wa mtoto, na mtoto mwenyewe anakuja. Kumbe ndiye mtoto mwenyewe wote. Njiti, mtoto wa kabla ya siku zake. Masikio yake yalikuwa laini kama ganda la kitunguu, na miguu yake ningeweza kuichomeka kwenye pete.

"Bibi, kichwa kisipate baridi," nesi akaniambia. "Joto la njiti linapotelea kichwani. Una kofia?"

Kofia ninayo! Nikaitoa kwa kujigamba. Nilikuwa nimeipima kwenye chungwa. Nikamvisha, ikashuka mpaka mabegani, mtoto akapotea. Basi nikakaa chini ukutani, nikatoa uzi kwenye mkoba wangu, nikaomba ndimu kwa mwanamke aliyekuwa anakunywa chai, nikafuma nyingine nikipima kwenye ile ndimu. Haikuchukua hata nusu saa. Miiba nikaiweka midogo kama mchele. Ikamkaa. Manesi wakaja kutazama, wakaitana.

"Huyu ni mnyama gani, bibi?"

"Mnyama wa nyumba yetu."

Tulikuwa tunambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa zamu. Mama yake akichoka, mimi napokea. Kifua changu kilishamaliza kazi siku nyingi, kimelala kama mifuko ya suruali, lakini joto kinatoa. Nilimsikia anavyopumua pale, anapumua, anasimama, unasema basi, halafu anaanza tena. Kila akisimama na mimi nasimama. Nadhani siku zile nilipumua nusu ya pumzi zangu za kawaida.

Siku ya tano, mchana, kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, naye ana njiti wake. Msichana mpole, ananiamkia shikamoo kila nikigeuka. Mke wangu alikuwa amekwenda kuoga. Nikamwonyesha mwalimu kofia, nikamweleza habari za ukoo wetu mpya, nikitegemea acheke. Alitabasamu kidogo.

"Bibi, unajua hao dainosa walikufa wote?"

"Wapi?"

"Duniani. Zamani sana, hata watu hawajakuwepo."

"Hata porini? Hata kule ndani Serengeti, kule ambako hata askari hawafiki?"

"Hata huko, bibi. Hakuna aliyebaki."

"Hata watoto wao?"

"Imebaki mifupa tu," akasema, halafu akaona uso wangu, akaanza kujirekebisha, kwamba ni michoro tu ya watoto, haina neno.

Mimi ni mtu ambaye redio inazimwa ili nisikilizwe. Nimeoa ili nyumba yangu isizimike, halafu huyo mvulana mmoja niliyempata nimemvisha kichwani mnyama ambaye ukoo wake umezimika mpaka watoto. Nimetangaza sokoni. Nimetangaza kwa mdomo wangu huu.

Nikamvua kofia. Nikaificha chini ya mkoba, nikamfunika kichwa na upande wa kitenge, nikamkumbatia. Kitenge kikawa kinateleza, mimi nakirudisha, kinateleza. Nikawa naomba, sijui hata namwomba nani, nilichanganya Mungu na mizimu yote ya mume wangu. Nikapitiwa na usingizi kidogo. Nesi ndiye aliyenishtua.

"Bibi! Kofia iko wapi? Mtoto amepoa!"

Kichwa kilikuwa wazi. Wakamchukua mbio, wakamweka kwenye joto lao la umeme. Mke wangu akarudi na taulo shingoni, akatazama kifua changu kitupu, akatazama mkoba, na ile kofia imechungulia miiba.

Mtoto alikaa siku mbili nyingine, akafariki. Daktari alisema ni mapafu, yalikuwa hayajakomaa, wengi wa miezi ile huwa hivyo. Alisema vizuri, akinitazama machoni. Lakini daktari hakuwa pale mchana ule wakati kitenge kinateleza.

Mtoto ambaye hajapewa jina kwetu hakusanyi watu. Tulimzika sisi wanawake wachache, karibu na nyumba, jioni tukawa tunasonga ugali kama siku nyingine. Kesho yake shemeji akaja, na safari hii aliingia ndani.

"Choma vile vitu."

Sikubisha. Nilikusanya vyote, hata vya watoto wa majirani, wazazi wao walivileta wenyewe wakaviacha mlangoni bila kunisalimia. Sufu ikiungua inanuka kama nywele za mtu. Yule mkubwa kama ndama alikataa kushika moto haraka, akawa anafuka tu, amelala ubavu, anatazama kwa vifungo vya marehemu. Mjukuu wangu alisimama ameshika sketi ya mama yake.

Wiki iliyofuata mama mzazi wa mke wangu akaja, akasema binti anahitaji kupumzika kwao. Akaondoka nao, binti yake na mjukuu wangu. Nilisema, "Nendeni, mtanipunguzia kupika." Nikacheka peke yangu.

Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Shemeji akafunga ndama wake kwenye mpaka, halafu kesho yake ndani ya mpaka kidogo, halafu chini kabisa ya mparachichi wangu. Nikimuuliza anasema majani ya huku yamelala bure. Nyumba ikawa kubwa. Nikikohoa chumba hiki, chumba cha pili kinajibu.

Nikafunga safari mpaka Kenyamonta. Nilimkuta mke wangu amekaa nyuma ya nyumba ya kwao anapukuchua mahindi. Akaniamkia, akanipa kigoda. Nilikuwa nimejipanga na utani wa kuanzia, umekauka mdomoni.

"Nilimvua kofia," nikamwambia.

"Nilijua, mama. Niliiona."

"Mwalimu aliniambia wale wanyama walikufa wote. Nikaogopa."

"Hata hilo nilijua. Darasa la tano tulisoma."

Nikamkazia macho. "Ulijua tangu mwanzo? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, mama. Nilikuwa sijawahi kukuona unafurahi hivyo. Nikasema ni uzi tu." Akatupa gunzi. "Mimi pia, siku ile nilipokwenda kuoga, nilikaa huko nje kwenye jua kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka kumbeba. Nilikaa makusudi. Hilo sijamwambia mtu."

Tukapukuchua. Mjukuu wangu alikuwa upande wa pili anacheza na wenziwe, ananichungulia, anajificha.

"Nitarudi," mke wangu akasema. "Ila sizai tena. Ukitaka, waambie wazee nirudishwe kwetu, urudishiwe ng'ombe wako, uoe mwingine. Sitalia. Lakini mimi sizai tena."

Hapo niwaambie ukweli bila chumvi, maana chumvi yote nimeshaimaliza. Nilihesabu. Niliona shamba, nikaona ndama chini ya mparachichi, nikaona msichana mwingine mgeni anaingia mlangoni kwangu na tumbo la kutazamwa. Nilipukuchua mpaka kikapu kikajaa. Huyu amenivumilia miaka saba, ananikanda mgongo, anajua chai yangu ninavyoipenda. Nilimnunua kwa ajili ya tumbo. Neno baya, lakini ndivyo ilivyokuwa, na alikuwa anajua, na bado aliniachia nifurahie uzi.

"Palizi imenishinda," nikamwambia. "Njoo tu."

"Umesikia nilichosema lakini?"

"Nimesikia. Mimi ni mzee, siyo kiziwi."

Tulirudi siku ya tatu, watatu. Shemeji alikuwa pale mpakani, akamtazama mke wangu kuanzia juu, macho yakakaa tumboni.

"Amerudi na nini?" akaniuliza mimi, siyo yeye.

"Na jembe," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuja kuuliza, akaondoka. Ndama hakumfungua.