Kibano Changu cha Nyusi

Mume wangu ni fundi wa maabara. Maneno hana, mikono anayo. Mwaka huu, wa mwisho kabla ya kustaafu, alikuwa akimsaidia binti mmoja anayesomea udaktari wa fizikia. Walitengeneza utando wa molekuli za kaboni, mwembamba hata macho hayauoni. Hauna chembe ya chuma, alinieleza tukila, lakini binti anaamini una sumaku. Ikiwa kweli, siku moja kompyuta zitatunza kumbukumbu kwa spini za elektroni, yaani usumaku mdogo wa kila elektroni, bila kuchemka kama simu yangu. Nikamwambia simu yangu aiache.

Basi juzijuzi mashine ya kupimia ikasoma sumaku, tena kwenye joto la kawaida. Binti akamkumbatia mume wangu kwa furaha, akamwita baba, si fundi wala mzee. Sisi hatukujaliwa mtoto. Jioni hiyo alinisimulia habari hiyo mara tatu, kila mara akijifanya amekumbuka kitu kingine.

Kesho yake nikapekua nyumba nzima natafuta kibano changu cha kung'olea nyusi. Nilikuwa nimefura, jamani. Kumbe kiko kwenye mfuko wa koti lake, ncha zimeshika kutu. Kile cha plastiki cha kazini kilivunjika, akaazima changu kimyakimya, akanyanyulia utando. Nilipomwonyesha ile kutu, alikaa ghafla. Kibano cha chuma huacha vumbi la chuma, na mashine haijui hiyo sumaku ni ya nani.

Binti alikuwa atangaze matokeo keshokutwa. Nikamwambia mume wangu anyamaze. Ndiyo, mimi. Ijumaa unastaafu, nani atajua? Nilijua anachoogopa kukipoteza, nami nilitaka abaki nacho. Akavaa viatu, akachukua kile kibano, akaenda kumwambia.

Binti alilia, akaahirisha kila kitu. Wakaandaa utando mwingine kwa kibano kipya cha plastiki. Kwenye joto la kawaida haukuwa na kitu. Ijumaa mzee aliaga kazini kabla hawajaupima kwenye baridi, akarudi nyumbani kanywea. Wiki nzima hakulitaja lile neno aliloitwa na binti.

Jana mlango ukagongwa. Ni binti, kashika kibano changu, amekisugua kinang'aa. Kwenye baridi kali kupita barafu, akasema, utando umeonyesha sumaku. Ni ndogo sana, lakini ni ya utando wenyewe. Nikamshukuru, nikaona haya, nikamkaribisha ndani. Hakuingia kwanza. Alichungulia sebuleni.

"Baba yupo?"

Mzee alikuwa nyuma yangu. Alisikia.