Mtaa Uliogeuzwa Mfuniko

Gundi alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni sifa. Isifie kazi yake, atakupa hata kitanda anacholalia. Itie dosari, atakununia mpaka mvua zianze na ziishe. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki mdomoni mwa dada yake peke yake, na hata dada alilitoa siku za hasira tu. Mtaa mzima ulimwita Gundi, maana vidole vyake vilikuwa na ngozi mbili, ya Mungu na ya gundi, na akikupa mkono wa salamu ilikuwa kazi kuutoa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza modeli, yale majumba madogo ya maboksi na vijiti yanayowekwa mezani, wakubwa wakainama kuyachungulia kama wanachagua pa kupiga radi. Miti yake ilikuwa sponji ya kuoshea vyombo, imechambuliwa na kuchovywa rangi. Nyasi zake, unga wa mbao. Ziwa? Vanishi, tabaka juu ya tabaka, mpaka unatamani kunawa uso. Shule aliiacha mapema, baada ya mwalimu wa hesabu kumwambia hatafika popote, na mpaka leo alikuwa anamjibu mwalimu yule ingawa mwenyewe alishakufa zamani.

"Toka huko uliko uje uone, mzee!" alikuwa akisema peke yake kibandani. "Nimejenga mahakama tatu na hospitali, na hakuna hata moja iliyovuja!"

Aliishi na dada yake mkubwa kwenye kiwanja walichoachiwa na wazazi. Nyumba katikati, kibanda cha gundi upande huu, karo la kufulia upande ule, na kamba za nguo zimetapakaa juu ya kila kitu. Dada alikuwa dobi. Mwanamke wa mwili, mjane, mikono ya mpiga mieleka, na ulimi wake ulikuwa haufui, unatwanga kabisa. Mashuka ya nyumba nyingi za wageni mjini yalipita mikononi mwake, na siri za mashuka hayo alizizika moyoni, isipokuwa siku akiwa na hamu ya kucheka.

Basi akaja msanifu wa halmashauri, kijana wa viatu vyeupe, anakanyaga uani kama paka kwenye matope. Akapewa kiti, akapewa maji, akanywa, akafungua ramani mbili. Halmashauri inataka makao mapya, akasema. Ofisi, ukumbi, maktaba, mahakama, vyote kwenye kiwanja kimoja. Ramani ya kwanza iko kwenye gereji ya zamani ya mabasi, kule nje. Ya pili iko katikati ya mji. Madiwani wataangalia modeli mbili, wachague.

"Katikati wapi?" Gundi akauliza.

"Kuna eneo la wazi."

"Katikati ya mji huu? Mimi nimezaliwa hapa, kaka. Hata pa kukojolea hakuna."

"Fundi, we tengeneza."

Na kweli, kwenye karatasi palikuwa na weupe mtupu, majengo mapya yamechorwa juu yake, mtaro umepinda pembeni, namba za viwanja zimejipanga. Tena ramani ilikuwa imelazwa ubavu ili ienee kwenye karatasi, kaskazini iko mkono wa kulia. Ukimgeuza mama yako hivyo, naye utampita njiani bila kumjua.

Ile ya gereji Gundi aliitengeneza kama mtu anayekula bila njaa. Kuta, paa, imeisha. Lakini ya pili ilikuwa na kitu ambacho hajawahi kukitengeneza tangu aanze kazi: bwawa la duara lenye chemchemi, maji yanaruka juu, na sanamu la samaki katikati. Hapo wazimu ukampanda. Maji ya kuruka aliyatengeneza kwa nyuzi za plastiki, akazipasha kwa mshumaa mpaka zikapinda kama maji ya kweli. Samaki akamchonga magamba. Akawaita majirani waje kuona, wakaona, wakasifia, na wapita njia nao akawaita. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu lake alilitia mpaka samaki.

Dada naye akaja, beseni kiunoni, akainama, akaangalia muda mrefu.

"Imependeza," akasema. "Ila haya maji yako yanayoruka yamefuata nini karoni kwangu?"

"Karoni kwako wapi?"

"Si mtaro wetu huu? Unapinda kama kiwiko, halafu unapita chini ya barabara. Nimemwaga maji kwenye mtaro huu tangu wewe unanyonya, sitaujua? Hapa mlangoni. Hapa karo. Na hapo kwenye samaki, mdogo wangu, ndipo unapokoroma wewe."

Gundi akaigeuza modeli, kaskazini ikarudi mahali pake. Mtaa wao wote ulikuwa hapo, umekuwa maegesho ya magari na bustani. Kinyaa kilichomshika kilikuwa cha yule kijana wa viatu vyeupe. Amekaa kwenye kiti chao, amekunywa maji yao, amerudisha kikombe na asante juu, halafu anasema eneo la wazi.

"Ivunje," dada akasema.

"Dada, kazi kama hii..."

"Basi ifanye mbaya. Pindisha majengo, paka rangi ya matapishi. Wakiiona wakimbilie gereji."

"Watasema Gundi kaishiwa!"

"Na ikiwa nzuri tutalala wapi? Ndani ya sifa zako?"

Akachukua kisu. Akakiweka kwenye shingo ya samaki. Mkono ukagoma, wallahi, kama punda kwenye daraja. Akakirudisha kisu, akajitetea kwa maneno mengi, na katikati ya maneno hayo akapata wazo. Hataharibu kitu. Ataongeza. Atatengeneza mtaa wao kama ulivyo, nyumba kwa nyumba, auweke palepale kwenye bwawa, madiwani waone kwamba hapo wanakaa watu.

Akaunda mabati kwa makopo ya soda. Akaunda kamba kwa uzi wa cherehani, mashuka kwa karatasi laini, na chini ya mashuka akamweka dada yake, mdogo kama punje ya mchele, amekaa mbele ya beseni lake. Akamwonyesha.

"Huyu mimi? Mbona mnene?"

"Nimekupunguza, dada. Wakiona hivi, hata jiwe litalia!"

"Na mbona hujaugandisha?"

Maana mtaa ule aliujenga juu ya kibao chembamba, ukakaa juu ya chemchemi kama mfuniko juu ya sufuria. Kuugandisha ni kumzika samaki, na samaki bado alikuwa rohoni.

"Ya kugandisha ya nini?" akasema. "Tazama ulivyobana! Hata unywele haupiti."

Dada akamwangalia, akaondoka na beseni lake.

Siku ya kikao Gundi alivaa shati la harusi za watu. Modeli mbili zikawekwa kwenye meza ndefu ya ukumbi, naye akapangwa ukutani kushika taa ili wakubwa waone vizuri. Msanifu alipouona mtaa juu ya bwawa lake akabadilika rangi.

"Nani kakwambia uweke uchafu huu?" akamnong'oneza.

"Uchafu huu ndio uliokupa maji ya kunywa," Gundi akamjibu. Madiwani walikuwa wameshaingia.

Gundi aliwahi kuwaona madiwani kwa mbali, kwenye mabango ya kura, wamesafishwa. Kwa karibu ni mambo mengine. Mmoja alikuwa anachokoa sikio kwa ufunguo wa gari, anautazama, anaupangusa kwenye kitambaa cha meza. Mwingine alishalala kabla sala ya kufungua kikao haijafika amina. Mwenyekiti, bwana mkubwa wa tumbo na cheko, alikuja na kijiti cha meno mdomoni, anakihamisha huku na huku kama anasaga.

Modeli ya gereji waliipita kama msiba wa jirani wasiyemjua. "Huko mbali, nitapata wapi chai?" mmoja akauliza, na hoja hiyo ikaonekana nzito. Kwenye ya pili wakasongamana.

"Gari la diwani litakaa kivulini?"

"Hiki kivuli cha nani?"

"Cha kwako ni hiki, cha kwangu kile chenye mti."

"Kwa nini mti wako mkubwa?"

Wakabishania kivuli cha sponji mpaka mate yakarukia paa la maktaba. Ndipo mmoja akaona mashuka.

"Jamani, tazameni vishuka!"

Diwani mnene akalamba kidole, akagusa kuona kama ni nguo kweli, na shuka likaondoka na kidole. Akalipangusia kwenye suruali. Gundi akapiga hatua mbele na taa yake.

"Waheshimiwa, hapo wanakaa watu. Huyo anayefua ni dada yangu."

Mwenyekiti akainama, pumzi yake ikatikisa kamba zote.

"Huyu hapa? Ha! Mpaka beseni kaweka! Fundi, wewe ni hatari!"

Hapo ndipo alipokwisha. Badala ya kusema lililompeleka, akatabasamu.

"Hilo beseni ni kifungo cha shati, mheshimiwa."

"Kifungo! Sikieni, kifungo! Na mabati?"

"Makopo ya soda. Nayasugua kwanza kwa jivu yasing'ae sana, maana bati la masikini haling'ai."

Wakacheka, wakampiga begani, naye akaendelea, uzi wa cherehani, karatasi laini, ulimi unateleza wenyewe. Mwenyekiti akaona mstari mwembamba pembeni ya kibao.

"Na chini yake kuna nini?"

"Kuna chemchemi," Gundi akasema, tena kwa fahari.

Mwenyekiti akaushika mtaa kwa vidole viwili, akauinua. Nyumba, kamba, karo, dada na beseni lake vikapanda hewani. Chini, kwenye mwanga wa taa aliyoishika Gundi mwenyewe, samaki akang'aa na maji yakaruka. Ukumbi mzima ukasema aaah.

"Kumbe inatoka kirahisi hivi!" akasema mwenyekiti.

"Rudisha tuone tena!"

Akarudisha. Akatoa. Kila mmoja akataka zamu yake. Wakawa wanaucheza mtaa kama watoto na mfuniko wa sufuria, upo, haupo, upo, haupo, na kila ulipotoka walipiga makofi. Aliyelala akaamshwa ili naye auinue. Kisha mikono ikapanda, ramani ya pili ikapita, na mwenyekiti, kwa furaha, akatoa kijiti mdomoni, bado kimelowa, akakichomeka mbele ya ukumbi mdogo.

"Na bendera itakaa hapa!"

Makofi tena. Mtaa wakamrudishia Gundi, kwamba unajaza meza. Mwenyekiti akampa mkono.

"Tutakuita ututengenezee ile kubwa ya kuweka mlangoni. Na mfuniko wake usisahau! Wageni watapenda."

Nje, kwenye bomba la halmashauri, Gundi alisugua mkono ule mpaka ukawa mwekundu. Alisugua mate ya kijiti, akasugua nta ya sikio la mtu ambaye hata hakumshika, na bado aliuona mchafu. Akatema. Mate hayakusaidia, maana uchafu uliomkera zaidi ulikuwa ule wa tabasamu lake mwenyewe.

Nyumbani, dada alikuwa anakamua mashuka peke yake, amefunga ncha moja kwenye nguzo.

"Wamechukua gereji?"

"Hapana."

"Si waliniona?"

"Walikuona. Wamesema umependeza."

Dada akauangalia mfuniko mkononi mwake, akaangalia ulivyorudi mzima, hauna hata mkwaruzo. Akaelewa.

"Nani aliinua?"

"Mwenyekiti. Kwa vidole viwili."

"Na wewe wakati huo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nawaeleza lile beseni."

Dada akamtazama kama anavyotazama doa lililozishinda sabuni zote.

"Malalamiko wanasikiliza lini?"

"Wiki ijayo, kabla ya kupiga muhuri."

"Nitakwenda mimi na mtaa mzima nyuma yangu. Nitapanda juu ya hiyo meza, nikae kwenye huyo samaki wako. Halafu waje na hivyo vidole viwili."

"Meza haitakuweza, dada."

"Sicheki. Na hiyo kubwa ya mlangoni, utaitengeneza?"

Gundi akafungua mdomo kusema hapana. Na palepale, laana hiyo, akaona kichwani jinsi ambavyo safari hii mashuka angeyashona kwa kitambaa cha kweli, yenye pindo. Vidole vya mkono mtupu vikaanza kupima pindo hewani. Dada akaona kila kitu.

"Mtu mchafu wewe," akasema. Akaifungua ncha kwenye nguzo, akamtupia. "Weka hilo lifuniko chini. Shika, ukamue."

Gundi akashika, akakamua, macho yake yakiwa chini.