Wazee Kumi na Tisa wa Siku Moja

Rachida wa Kasongo alikuwa na kasoro moja ambayo mama yake alishindwa kuirekebisha: hakuweza kuandika asichokijua. Alipoajiriwa kuandikisha wagonjwa wa macho, wenzake waliwabunia wazee wasio na karatasi tarehe za kuzaliwa. Yeye aliuliza, akasubiri, na jibu lilipokosekana aliacha nafasi wazi.

Siku ya mwisho ya madaktari wa upasuaji, Bibi Mwamvita alifika kutoka Nyangwe kwa pikipiki, amemshika kiunoni mwanawe Djuma. Alikuwa haoni tena, mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Upasuaji wa bure ulikuwa wa waliotimiza miaka sitini, na jina lake halikuwemo kwenye orodha.

"Mashine inasema alizaliwa mwaka 1970," alisema Shefu Léon, msimamizi wa mradi, bila kuinua kichwa. "Huyu iko kijana."

"Basi mimi wa mwaka 58 ndiye niliyemzaa mama?" Djuma aliuliza.

"Kama mimi ni kijana," Bibi akadakia, "Shefu alete posa."

Watu wa foleni walicheka. Rachida hakucheka. Alikuwa amesomea kompyuta; aliifungua programu ya kutengeneza orodha, iliyotumwa kutoka mji mkuu, akasoma polepole msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha. Kila ilipoiuliza hifadhidata, majibu yalirudi mstari kwa mstari, na pale pasipo na tarehe msimbo uliweka sifuri, kisha ukaigeuza sifuri kuwa tarehe. Na siku sifuri ya kompyuta ni tarehe mosi Januari 1970. Wazee kumi na tisa walikuwa wamezaliwa siku hiyo moja. Wote aliwaandikisha yeye.

"Ungeweka tarehe yoyote kama wenzako," Shefu alisema. "Hiki ni kiburi chako, dada."

"Nilisema sijui, Shefu. Programu ikasema uongo, nawe ukauamini kwa sababu umetoka kwenye mashine. Huyu mama amesimama mbele yako. Umemtazama?"

Rachida alirekebisha msimbo kwa hasira: kwanza utazame kama tarehe ipo, isipokuwepo, uiache wazi, na jina liingie kwenye orodha likiwa na maneno "umri haujulikani, aulizwe".

Daktari Viviane, mmoja wa wapasuaji, alimwuliza Bibi umri wake.

"Siku ya uhuru, mwaka 60, nilikuwa nimembeba huyu mgongoni," Bibi alijibu, akimpapasa Djuma bega.

"Mwingizeni," daktari alisema.

Lakini wale wengine kumi na wanane walikuwa wamerudishwa makwao tangu Jumatatu. Rachida alipiga simu hadi sauti ikakauka. Kumi na mmoja walifika kabla madaktari hawajafunga vyombo. Saba walikuwa Lusangi, kusikoshika mtandao.

Aliyaandika majina yao saba kwa mkono, akamwekea Shefu mezani pamoja na ufunguo wa pikipiki ya mradi.

"Nenda ukawaambie mwenyewe," alisema, "kwamba walionekana vijana."