Jani Nililolirudisha Temeke

Mie nina hasira za karibu, sifichi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikikasirika hata kuku wa Kinondoni wanabadilisha njia. Lakini hasira hii haikuwa ya kupita. Niliifuga miaka minne, na kila Jumapili nilikwenda nayo kanisani.

Enzi hizo za Mwingereza, baba alifariki huko kwetu Uchagani. Nikapanda lori kwenda kuzika, nikamwachia dada yangu wa Temeke mwanangu wa pekee, ndiyo kwanza anaota meno. Niliporudi nikaonyeshwa kaburi. Mtoto alishikwa na homa, dada akampeleka kwa mganga badala ya hospitali. Dada, Mkristo aliyebatizwa! Alipofungua mdomo tu nikamwambia, "Kuanzia leo sina dada." Nikamfungia mlango.

Kanisani alisimama akatubu mbele ya watu wote, akilia mpaka kanga ikalowa. Wazee wakamrudisha kwenye Meza ya Bwana. Mie nikahamia benchi la nyuma.

Mwaka wa tatu shemeji akaja na jani la sale limefungwa fundo. Kwetu mlimani jani hilo ndilo la kuombea msamaha; ukiletewa hukatai, hata kama mtu kakuulia ndugu. Dada aliagiza kwa mama, likasafiri siku kadhaa, likafika limekauka. Na mie, mwanamke wa sala, nikamwambia shemeji kwamba mambo ya kipagani ndiyo yaliyoniulia mwanangu, sasa ananiletea tena? Kama dada anataka msamaha aje na Injili. Shemeji akalifunga jani kwenye leso, akaondoka kwa miguu. Nikajiona nimesimama imara katika imani. Upuuzi mtupu! Neema ilikuja hadi mlangoni kwangu, mie nikaanza kuikagua nguo.

Mwaka uliofuata jirani yangu, mama wa Kizaramo, Mwislamu, akaniletea habari kwamba dada yangu hajiwezi. Akanihimiza niende, nisije nikapatana na kaburi.

Nikaenda. Njia nzima nilipanga maneno: nitamsamehe, ila kwanza akiri kwa kinywa chake kwamba aliniulia mtoto. Nikamkuta kitandani, amekonda hata pete ya ndoa imemtoka kidoleni. Aliponiona akajaribu kujiinua, akashindwa. Akanishika mkono.

"Mdogo wangu," akasema, "pole na msiba wa mtoto. Sikupata nafasi ya kukupa."

Maneno yote niliyopanga yakanikauka. Nilikuwa nimemnyima hata kulia nami. Mtu akikupa pole unamjibu, "Nimeshapoa." Nilitaka kumjibu hivyo, badala yake nikainamia kitanda chake nikalia kwikwi, naye akinipapasa mgongo mpaka usingizi ukamchukua. Hakuamka tena kuongea. Alhamisi tukamzika.