Mashine ya Kivuti Ilipojiunga na Serikali

Kivuti wa Nyamu alikuwa na poshomili, mashine ya kusaga mahindi, pale Manyatta, na kabla serikali ya kikoloni haijatangaza Hali ya Hatari hakuna aliyekuwa na haja ya kumzungumzia. Alikuwa na kofia kubwa, moyo mdogo, na mke aliyemzidi akili, Nelius, ambaye kwa bahati nzuri hakupenda kulitaja jambo hilo mbele ya wateja. Iliyojulikana ni mashine yake. Juu ya bomba la moshi alikuwa amefunga kopo tupu la mafuta ya kupikia, na injini ilipoamka kopo hilo lilipiga kelele hadi ng'ambo ya mto. Mwanamke aliyekuwa akipalilia huko aliusikia mlio, akajitwika mahindi yake, akaja.

Kisha watu wakasombwa kutoka mashambani mwao na kurundikwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Serikali ikafunga maduka na mashine nyingi. Wenye biashara waliobaki wakaambiwa waziwazi: anayetaka kufungua mlango na ashirikiane na gadi, wale askari wa nyumbani, kwa usalama wa jamii. Kivuti hakuwa na mashine ya pili wala hakujua kazi nyingine. Alikwenda kwenye mkutano wa kwanza wa kamati ya usalama kwa mbio za mtu anayetafuta choo.

Mwenye bucha aliahidi nyama. Mwenye hoteli aliahidi chai na mandazi, na tangu siku hiyo gadi wakawa wanailinda hoteli yake kutwa nzima, wameketi. Kivuti, ambaye kutoa kitu kulimuuma kama jino, alitafuta mchango usiogharimu.

"Mimi nitawapa sauti, Hedmani," akamwambia Gichovi, hedmani wa kijiji na mkubwa wa gadi. "Adui akitoka msituni, nawasha mashine. Mtasikia hata mkiwa mmelala."

"Gadi hawalali."

"Hata wakiwa wamefumba macho, Hedmani."

Wanakamati wakapiga makofi. Gichovi akafikiri, polepole, kwa kuwa hakuwa na mazoea. "Na ukiwa unasaga? Tutajuaje kama ni adui au ni uji?"

"Nikisaga nitaliondoa kopo."

Likapitishwa. Tena likapitishwa kwa siri, maana lilikuwa jambo la usalama, na jamii iliyokuwa ikilindwa haikuambiwa neno.

Bila kopo, injini ilinguruma chinichini kama mtu mwenye mafua. Wanawake, ambao waliruhusiwa kutoka kijijini kwa saa chache tu, hawakujua tena lini mashine inafanya kazi. Wengine walifika wakakuta imezimwa. Wengine wakateremkia kwa Muriithi, aliyekuwa na kinu cha kuzungushwa na maji ya mto, kinachosaga kama kibogoyo anayetafuna mahindi ya kuchoma. Kivuti akawa anasaga upepo.

"Umeipa serikali mdomo wa mashine," Nelius akamwambia, "sasa unashangaa haiiti watu."

"Ni usalama wa jamii, Mama Karimi."

"Jamii iko kwa Muriithi."

Asubuhi moja Kivuti alipokuwa akifagia chumba cha mashine alisikia kufuli la ghala lake la pembeni likivunjwa, kisha vishindo na minong'ono. Ndani ya ghala mlikuwa na magunia ya unga wake mwenyewe, akiba yote aliyokuwa nayo. Hakuchungulia; kuchungulia kulihitaji ujasiri. Alifunga kopo kwenye bomba, akazungusha hendeli mpaka injini ikawaka, na mlio ukapaa juu ya Manyatta.

Gadi kutoka kituoni hawakuja. Walikuja wanawake. Walikuwa wakiokota kuni ng'ambo ya barabara, wakasikia sauti waliyoijua, wakafurahi. Wengine walikimbilia mahindi kwanza. Wa kwanza walipofika mbele ya ghala, wakatoka gadi watatu, weupe mpaka kope, kila mmoja na gunia begani.

"Tumesikia mlio, tukaja kumlinda," akasema mmoja.

"Mmefika upesi kweli," akasema bibi kizee Wambura. "Na unga nao umewarukia wenyewe?"

Kicheko kikaenea. Kikakatika Gichovi alipotokea kutoka hotelini, makombo ya mandazi kifuani. Aliwaona gadi wake, akaona magunia, akaona umati, na akachagua kukasirikia umati.

"Kivuti! Umeita watu kwa nini? Kama kuna wezi, wataje. Kama hakuna, umefanya mkutano bila ruhusa, na mashine naifunga leo hii."

Wanawake wakamtazama Kivuti. Wezi walikuwa mbele yake, hatua mbili, wakipiga chafya. Angenyoosha kidole tu. Lakini nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma, naye akaiwazia ikiwa imekufa, kuku wakitaga ndani yake.

"Nilitaka kusaga," akasema. "Nikasahau kuondoa kopo."

"Na huu unga?"

"Ni zawadi. Kwa gadi wetu."

"Mwana wa Nyamu," akasema Wambura, "huo unga umekuingia machoni?"

Gichovi akampa Kivuti mkono mbele ya wote. Akasema huo ndio ushirikiano, na kwamba wafanyabiashara wengine waige. Kwa ukarimu ambao haukumgharimu hata punje, akamruhusu apige mlio siku yoyote apendayo.

Kesho yake Kivuti akafunga kopo, akawasha mashine mapema. Ililia vizuri kuliko zamani. Wanawake wakatoka langoni mwa kijiji na mahindi vichwani, wakaja moja kwa moja, wakapita mlango wake bila salamu, wakateremka mtoni. Alidhani walioko nyuma watakata kona. Hawakukata. Wa mwisho akatokea mlango wa nyumba yake mwenyewe, na kapu.

"Na wewe, Mama Karimi? Mashine yako si hii hapa?"

"Hiyo ni ya Gichovi," akasema Nelius. "Uji utachelewa leo. Kwa Muriithi kuna foleni."

Akawafuata wenzake. Kivuti akasubiri mpaka alipopotea kwenye mteremko, kisha akaingia ndani kuongeza dizeli.